Mwenye Ng'ombe wa Muheto

Natangaza kwa heshima zote kwamba mwaka 1954 vilima vya Masisi vilipata Wasifu wa Watu na Uchumi. Kabla ya hapo watu walizaliwa, wakalima, wakakamua na wakafa ovyo ovyo, kwa sababu hapakuwa na fomu. Mimi Édouard, karani wa daraja la pili, ndiye niliyeuandika. Anayesema una kosa alete malalamiko yake katika nakala tatu.

Jedwali la watu lilikwenda vizuri. Kilima cha Muheto: watu 640, kati yao waliotabasamu walipoulizwa majina, 12. Maharagwe, mengi. Viazi, vingi zaidi. Likabaki jedwali la ng'ombe, na hapo ndipo mkuu wa teritwari, Mzungu aliyetawala wilaya yetu, alipotoa amri. Tulimwita Bwana Mkubwa, naye hakukataa. Aliamuru kwamba mtu akiwa na ng'ombe zaidi ya watano, wanaozidi wachinjwe, wawe nyama ya wanaochimba barabara ya Walikale. Amri fupi, nzuri, yenye muhuri.

Nilianza kwa Mama Nyiransabimana, mjane, kwa kuwa nyumba yake iko kando ya njia na viatu vyangu vilikuwa vipya. Nilihesabu ng'ombe sita. Wa sita alikuwa mtamba mwekundu, mahari ambayo mwanawe Makuza alikuwa aipeleke Nyamitaba kwa kina Thacienne, mchumba wake. Bila mtamba huyo hakuna harusi, na mlima mzima ulijua. Nilimwonea huruma kweli, lakini fomu haina safu ya huruma.

"Hii yote haiko yangu, Papa Karani," akaniambia. "Iko ya Papa Sebarenzi. Miye niko nachunga tu."

Jambo la kawaida kabisa. Huku kwetu mtu humwachia jirani ng'ombe wake amchungie, na yule naye anachunga wa mwingine. Nikapanda kwa Sebarenzi, mwenye ng'ombe tisa zizini. Akaapa kwamba wote, pamoja na wale sita, ni wa katekista Kanyamibwa. Katekista akavua kofia, akanikaribisha viazi, akasema yeye anafundisha sala tu. Ng'ombe wote wa mlima huu, alisema, ni wa Mama Nyiransabimana.

Nilizunguka wiki mbili. Viatu vilizeeka. Jumla ilikuwa ng'ombe 312, wenyewe hakuna, nikiwa nimemhesabu hata ng'ombe mmoja wa Kizungu, mweusi na mweupe, aliyefungwa bustanini kwa Bwana Mkubwa, maana mimi siachi kitu. Bwana Mkubwa akanionya kwamba nikimletea tena safu tupu nitahamishiwa Pinga, msituni, kuhesabu miti.

Nikarudi kwa Mama Nyiransabimana, nikakaa chini, na siwafichi, nilikaribia kulia. Akanipa maziwa, akaningoja nimalize.

"Papa Karani, asubuhi maziwa ya huu mulima inaendaka wapi?"

"Kwa Bwana Mkubwa. Kila nyumba kwa zamu yake."

"Anaombaka?"

"Haombi. Analetewa."

"Sasa, muntu wa kuchunga anapelekaka maziwa kwa nani, kama haiko kwa mwenye ng'ombe?"

Nilishangaa jinsi kazi ngumu inavyoweza kuwa rahisi. Nikaandika: mwenye ng'ombe, Bwana Mkubwa, wote 312. Wachungaji nikawataja kwa majina, ila kwa yule wa bustanini nikaandika "hana". Bwana Mkubwa aliona safu zimejaa, na saa ya kahawa ilikuwa imefika, akasaini nakala tatu bila kusoma, nami nikaituma moja jimboni.

Baada ya miezi miwili jimbo likajibu. Barua ilisomwa mbele ya watu wote, nami ndiye niliyeisoma. Ilisema afisa wa serikali haruhusiwi kufuga. Ng'ombe wanaochungwa na raia wawe mali ya raia hao, wala asichinjwe hata mmoja. Ila ng'ombe asiye na mchungaji achukuliwe mara moja kwa nyama ya barabara.

Wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Bwana Mkubwa alikuwa amemwagiza kwao kwa meli, na siku hiyo hiyo ng'ombe huyo aliondoka kuelekea Walikale. Bwana Mkubwa aliuliza ni mjinga gani aliyesaini upuuzi huu. Nikamwonyesha, mara tatu.

Kesho yake maziwa hayakushuka. Hakuna aliyegoma, watu walikuwa wanatii barua. Siku ya nne ya kahawa nyeusi, Bwana Mkubwa alipanda Muheto kwa miguu, jagi mkononi, mimi nyuma yake na daftari. Mtamba mwekundu alikwisha kwenda Nyamitaba, na Thacienne mwenyewe, mke wa Makuza sasa, ndiye aliyetuletea kiti. Mama Nyiransabimana alikuwa anakamua. Hakuharakisha. Alipomaliza akapangusa mikono, akauliza kwa ule upole wa kiofisi niliomfundisha mimi mwenyewe:

"Papa, uko na ng'ombe ngapi?"

Bwana Mkubwa alitazama ndani ya jagi.

"Hata moja," akasema.

Mama akamjazia. Nami nikaandika.