Sanduku la Siri la Mwalimu Eustace

Jumatatu, 21 Julai 2025

Nimedhulumiwa. Kikaoni leo mkuu wa shule, Madam Imakulata, ametangaza Wiki ya Afya ya Mwanafunzi. Afya ya akili, hisia, mahusiano na mambo ya uzazi. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Miaka ishirini na miwili nafundisha Jiografia hapa Tabora. Nani mwingine angeisimamia?

Akamteua Mwalimu Advera. Ana miaka miwili kazini. Sababu: amehudhuria semina Dodoma. Mimi Dodoma nimepita kwa treni mara nyingi sana na hakuna aliyeniuliza.

Advera ameweka sanduku la maswali nje ya maktaba. Mwanafunzi anaandika linalomsumbua, haweki jina, naye anajibiwa. Kufikia saa kumi lilikuwa limejaa nusu. Nimelitikisa mwenyewe.

Jumanne, 22 Julai

Nimetengeneza sanduku langu. Boksi la viatu, rangi ya bluu, tundu juu. Nimeliweka hatua sita kabla ya lile la Advera, ili mtu akitoka darasani akutane na langu kwanza. Hadi jioni: ganda la pipi.

Nimepewa kipindi kimoja cha kunifariji, Kidato cha Pili, mabadiliko ya kubalehe. Nilijiandaa vizuri. Nikaeleza kwamba mwili una majira, kama nchi. Kuna kiangazi, kuna masika. Wakacheka. Kisha binti mmoja akauliza kwa nini tumbo linamuuma siku za hedhi hadi anashindwa kuja shule, na kama kuna ubaya kumeza dawa. Nikasema nadhani kengele imelia. Nikatoka kuhakikisha. Ilikuwa bado dakika thelathini.

Niliporudi Advera yuko mbele ya darasa langu. Anasema hedhi, anasema mfuko wa uzazi, hakohoi hata kidogo. Akamwambia yule binti kwamba maumivu ya kumkosesha shule si ya kuvumilia tu, aende kituo cha afya, naye atamsindikiza. Darasa zima linaandika, wavulana pia. Hakuna aliyecheka. Kwangu walicheka kwenye masika. Hii ni dharau ya wazi.

Jumatano, 23 Julai

Kwa kuwa wanafunzi wanaona haya kunitumia maswali, nimewasaidia. Nimeandika matano kwa mkono wa kushoto. La tatu lilikuwa zuri zaidi: kwa nini Mwalimu Eustace anaeleweka kuliko walimu wengine? Nikampelekea Madam Imakulata, nikamwomba aone mwenyewe wanafunzi wanamwamini nani.

Akasoma karatasi zote. Akazigeuza. Nyuma ya karatasi hizo kulikuwa na andalio langu la somo, mmomonyoko wa udongo, pamoja na sahihi yake ya kulipitisha. Akanirudishia. Advera alikuwepo, akatazama dirishani. Afadhali angecheka, ningekuwa na la kumlaumu.

Alhamisi, 24 Julai

Karatasi ya kweli. Nimeikuta mchana, imekunjwa mara nne. Nainakili hapa:

"Mwalimu, tangu tumzike baba mwezi wa nne silali vizuri. Nikiwa darasani moyo unakwenda mbio na kifua kinabana kama nakufa. Halafu inaisha. Naogopa kusema, wenzangu watadai nimepagawa. Je, mimi ni kichaa?"

Kwanza nilihisi ni mtego wa Advera, maana mwandiko ni mzuri mno. Lakini yeye hana ubunifu huo. Basi ni swali halali, na limekuja kwangu, limeliruka sanduku lake. Angekuwa Advera angemtafuta mtoto kimyakimya, wakaongea pembeni, na nani angejua kwamba sanduku linafanya kazi? Kesho nalisoma mstarini, shule nzima isikie.

Ijumaa, 25 Julai

Nimelisoma. Neno kwa neno, bila jina, maana jina halikuwepo. Siri nimeitunza. Kisha nikajibu: anywe maji ya kutosha, apunguze uvivu, afanye mazoezi ya kusoma ramani. Jibu safi.

Nilipofika kwenye "mwezi wa nne" vichwa vikaanza kugeuka. Sikuelewa. Kumbe shule nzima ni mmoja tu aliyefiwa na baba mwezi wa nne, Limbu wa Kidato cha Tatu, na darasa lake zima lilichanga rambirambi. Mtu nyuma akasema, "Amepagawa huyo." Wakacheka. Saa nne Limbu hakuwa darasani. Begi lake pia halikuwepo.

Advera alikuja ofisini. Hakupaza sauti, jambo ambalo ni kero zaidi. Akauliza, "Limbu kwao ni wapi?" Nikasema Tura, nilishawahi kumwambia aionyeshe kwenye ramani. Akasema basi atakuwa amekwenda kupanda treni, twende stesheni, na mimi niende. Kana kwamba mimi ni mwanafunzi.

Tulimkuta amekaa kwenye benchi la mwisho, begi mapajani, anahema kama aliyekimbia, na hakuwa amekimbia. Nikafungua mdomo nimweleze faida za maji. Advera akasema, "Mwalimu, shika begi." Nikashika. Akakaa karibu naye, akamwambia wahesabu pumzi pamoja, polepole. Walihesabu muda mrefu. Watu walipita na ndoo za asali, wakatutazama. Nilitazama reli.

Alipotulia Limbu aliniamkia. Shikamoo, katika hali ile. Nikajibu marahaba. Kisha akasema, akiwa ameinamisha uso, "Mwalimu, niliandika ili asome mtu mmoja."

Nikaliweka begi begani. Nilikohoa njia nzima hadi shuleni, na begi lile lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nadhani ni vumbi. Julai hapa ina vumbi sana.

Jumamosi, 26 Julai

Advera amempeleka Limbu kwa mshauri wa afya ya akili, pamoja na mama yake aliyefika asubuhi kutoka Tura. Mshauri amesema kijana si kichaa wala hajapagawa. Ni majonzi ambayo hayajapata pa kutokea, na hofu inamshika ghafla mwilini. Atakwenda kila wiki kuongea, na inatibika. Mama yake alilia, akasema nyumbani walikuwa wakiambizana wasimtaje marehemu ili mtoto asahau. Sasa wanamtaja.

Madam Imakulata ameniagiza niombe radhi. Nimeomba. Nilisema nasikitika ikiwa kuna aliyekwazika. Madam akasema nianze upya. Nikasema, "Limbu, nilikukosea." Maneno mawili tu, nimetoka jasho. Kijana akasema ameshasamehe, kisha akauliza kama mtihani wa ramani uko palepale. Nikasema uko palepale. Mama yake akanishukuru, sijui kwa nini. Nikaondoka haraka.

Jumatatu, 28 Julai

Sanduku langu limeondolewa. La Advera limeongezwa la pili, maana la kwanza linafurika. Limbu amerudi darasani. Alitoka mara moja kupumua nje, akarudi, na wenzake hawakusema kitu, kwa kuwa Advera aliongea nao mapema. Wanamsifu Advera kila kona. Hakuna anayekumbuka karatasi yenyewe ilitumbukizwa kwenye boksi la nani. Bila mimi mtoto yule angekuwa bado anateseka kimya.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, bila kinyongo, na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Wa mistari ya nyuma hawakusikia jibu langu vizuri. Walisikia swali tu. Ndiyo maana walicheka.

Nimemwandikia Madam Imakulata barua rasmi. Kwa ajili ya siri za wanafunzi, naomba shule inunue kipaza sauti.