Pumua Dhidi ya Lile Jitu la Industrial Area

Jumatano, 9 Julai 2025
Kampuni imezaliwa! Makao makuu: jikoni kwetu, Mukuru kwa Reuben. Bidhaa: Pumua, dawa ya mafua ya tangawizi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Mpinzani: lile jitu, kampuni kubwa ya dawa ng'ambo ya barabara. Nimelinganisha. Wao wana mitambo. Mimi nina sufuria, ingawa mke wangu Khavere anadai ni yake. Wao wana jina. Mimi nina ari. Khavere hana imani. Amesema Pumua isipopata mteja kufikia Jumatatu, nirudi soko la Kariokor kushona viatu. Mimi! Mkurugenzi!

Ijumaa, 11 Julai
Nimemwomba Nyawira wa duka la dawa aiweke Pumua kando ya dawa ya lile jitu, watu wajionee tofauti. Akauliza kama imesajiliwa. Nikamjibu imeombewa, na mchungaji mwenyewe. Akanirudishia chupa, eti bado inanuka tomato sosi iliyokuwemo. Wivu mtupu! Lazima jitu lilimfikia kabla yangu.

Jumapili, 13 Julai
Jaribio la kisayansi! Kwaya nzima ina mafua. Soprano nikawapa Pumua, besi wakanywa dawa ya jitu. Soprano walitoka jasho na machozi katikati ya wimbo wa furaha. Mchungaji akadhani wameguswa na Roho, akarefusha ibada. Baada ya ibada, mafua yalikuwa pale pale, pande zote mbili. Yaani tumetoka sare na jitu! Khavere akasema sare si mteja, akanitolea sindano ya viatu. Niliumia sana.

Jumatatu, 14 Julai
Nimeamka kuifunga kampuni. Chupa zote hazipo! Nikakimbilia kwa Khavere, anakouza chai kwenye geti la lile jitu. Foleni! Tangawizi ilimwishia, akamimina Pumua kwenye chai. Mfanyakazi mmoja alikuwa akimwambia, "Mathe, hii chai imeweza! Niongeze." Khavere akakwepa macho yangu, akasema, "Baba Lorraine, mteja amepatikana. Ni mimi." Ameagiza nipike kila siku, ila niiite kiungo cha chai. Kariokor, kwaheri! Nusura nilie kwa furaha.

Alhamisi, 17 Julai
Kiungo cha chai! Khavere haelewi biashara. Wafanyakazi wote wa jitu sasa wako chini ya matibabu yangu, maana yake hata wao hawaamini dawa zao. Leo nimempa mlinzi wa geti lao barua ampelekee mkurugenzi wao: niko tayari kuinunua kampuni yao, kwa masharti nafuu. Mlinzi ameipokea kwa mikono miwili, akafunikia chai yake isipoe. Nasubiri jibu.