Mkanda wa Foklifti Umekataa

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mkanda wa foklifti umegoma kufunga. Miaka tisa naendesha hilo gari la kuinulia mizigo, kiti pekee cha maana katika ghala zima, na leo mkanda umeishia kitovuni. Mkuu wa usalama kashuka kutoka ghorofani, mwembamba kama kijiti, katazama tumbo langu. Uso hakuutazama. Kasema Ijumaa anakagua tena, na usipofunga nirudi kubeba maboksi. Mimi! Na magoti haya!

Nesi wa kampuni naye kanitoboa kidole. Sukari inapanda. Nikamwambia ni mambo ya ukoo. Kaniuliza nilipohamia nchi hii nilikuwa na kilo ngapi. Nikamsifia viatu vyake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeapa kutokula kitu kazini. Nimejikaza, nusu zamu nzima! Lakini zamu ya usiku kantini hufungwa, kilichopo ni mashine ya soda na biskuti tu. Ningefanyaje? Nikamkuta Bonge hapo hapo, mdomo umejaa. Bonge anaendesha foklifti ya pili. Ni mzawa, hata babu wa babu yake kazaliwa hapa. Na mkanda wake nao umekataa! Nimeshtuka. Nilidhani mikanda inatubagua sisi wageni tu. Anajigamba kwamba kiti chake hakiendi popote, atauunga mkanda kwa kamba ya viatu. Akili za Bonge hizo.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi, zamu ilipoisha, nimetumwa ghorofani kwa mara ya kwanza. Lo! Jamani! Mabakuli ya matunda, bure! Chumba cha mazoezi! Wote wembamba, wazawa na wageni. Nikamwona mhasibu, mgeni kama mimi, tulishuka ndege moja. Hajaongezeka hata shavu! Nikambana aniambie siri yake. Kasema hana siri, anatoka kazini jioni, anapika, anakimbia bustanini, analala usiku. Mchoyo mkubwa, hataki kusema.

Nyumbani nikamkuta shemeji, kaka wa mke wangu. Kafika mwezi uliopita, vibali anavyo, kazi hana. Alikuwa amevaa koti langu, anaogelea humo ndani. Wazo likanijia pale pale mlangoni! Mkuu wa usalama hanijui sura. Kofia ya kazi, barakoa ya vumbi, kitambulisho changu, basi. Mke wangu kasema nimerukwa na akili. Shemeji kasema kwao aliendesha trekta, na kwa ajili yangu atajaribu. Nimelala nikicheka peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya ukaguzi!

Nilijificha nyuma ya maboksi. Shemeji kaketi, mkanda ukafunga, tena ukabaki. Mkuu wa usalama kampiga bega, kampongeza kwa kupungua vile tangu Jumatatu. Hakushtuka hata kidogo! Nusu ya mtu imetoweka, yeye anapongeza! Nilitaka kutoka nimkaripie. Kisha kamwambia aendeshe. Shemeji kapanga mizigo taratibu, safi, kama mtu anayetandika kitanda. Mkuu kafurahi, kamwita nesi aje aone. Nesi kamvua barakoa, kamwangalia, kacheka mpaka kakaa chini.

Nikaburutwa kutoka mafichoni. Hukumu: shemeji hana kosa, kamtii mkubwa wake, na ghala linataka dereva. Kiti sasa ni chake! Zamu ya mchana! Mimi ni maboksi, pamoja na Bonge, ambaye kamba yake ilikatika kwenye kona ya kwanza. Nilitaka kulia. Nililia kidogo.

Nesi kanivuta pembeni. Kwa upole kasema si ukoo wala uvivu. Wageni wengi hufika wembamba kama shemeji. Halafu mshahara mdogo, kazi za usiku, chakula cha kwenye mashine, mtaa usio na pa kutembea, na miaka ikienda wanakuwa kama kina Bonge waliozaliwa katika maisha hayo hayo. Wa ghorofani wana nafasi ya kujitunza, mzawa au mgeni. Anataka kantini ifunguliwe usiku, kaniomba niungane na Bonge tukawaambie wakubwa. Nilimsikiliza kwa makini. Sijawahi kumsikiliza mtu hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Nesi ni hazina! Kwa wakubwa sikwenda, Bonge aende. Mimi nimeshapata njia. Kumbe shemeji atanenepa tu, mkanda utamkataa, na kiti kitakuwa wazi! Ila mimi si mtu wa kusubiri miaka. Nimemwombea ahamishiwe zamu ya usiku. Nimesema jua linamsumbua. Leo nimemletea keki kubwa na soda za kutosha. Machozi yakamlengalenga, kasema hajaona shemeji mwenye moyo kama wangu. Kala kipande kimoja, kashukuru, kasema ameshiba, katoka kutembea na dada yake.

Ameshiba! Kipande kimoja! Nimeduwaa. Keki nimeimaliza mwenyewe, isije ikaharibika. Kesho nanunua mbili.