Gobore Lililokwenda Kusalimia

"Ni lako, Tadei."

"Langu tangu lini? Limelala kwenye dari lako, limekula moshi wa jiko lako. Ni lako, Mama Ottilia."

"Limelala kwangu kwa sababu kwako panavuja. Mgeni akilala kwako siku mbili anakuwa mumeo?"

Wapita njia walisimama kwenye uzio wa mabingobingo wasipitwe na uhondo. Ugomvi wa Marselina, ambaye wengi humwita Mama Ottilia, na jirani yake Tadei ulikuwa burudani ya bure katika kijiji kile cha ufukweni mwa ziwa, chini ya vilima vya Tingi, lakini safari hii ulikuwa umegeuzwa nje ndani kama shati la mlevi. Miaka yote kila mmoja alidai gobore ni lake. Baba zao walilinunua kwa shirika, mmoja akatoa mtumbwi, mwingine mbuzi wawili, kisha wakafa wote bila kusema nani arithi mtutu na nani arithi kitako. Nguruwe pori wakiingia mihogoni, Tadei alilidai. Ngedere wakiingia kwenye mahindi, Marselina alilidai.

Ndipo Jumapili iliyopita katibu wa jumuiya akasoma tangazo kanisani: kila mwenye silaha asiyo na kibali aisalimishe kwa hiari kabla mwezi haujaisha, naye hataulizwa kitu. Baada ya hapo, atakayekutwa nayo atakwenda kuhesabu nondo za dirisha la gereza. Tangu siku hiyo gobore likawa yatima. Leo ilikuwa tarehe thelathini, siku ya mwisho, na hakuna aliyetaka kuonekana njiani amelibeba. Habari ya kutoulizwa kitu Tadei hakuiamini hata chembe. Mjomba wake alikwenda kituoni kutoa taarifa ya baiskeli iliyoibwa, akaulizwa maswali mpaka akaanza kujishuku.

Kwenye benchi la muuza chapati, hatua kumi kutoka pale, kulikuwa na mtu aliyeacha kutafuna ili asikie vizuri. Jina lake Aidan. Shati limepigwa pasi mpaka kola inaweza kukata nyanya, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Kule Ngaka, kwenye machimbo, aliwahi kuwauzia madereva wa malori sabuni ya kung'arisha makaa ya mawe. Mbinga mjini alikusanya michango ya harusi ya bwana harusi ambaye mpaka leo hajazaliwa. Na katika kijiji cha Ukata alimjua mwindaji mmoja ambaye angelipokea gobore lolote bila kuuliza limetoka ukoo gani. Aidan alijipangusa mafuta ya chapati, akavaa uso wa ofisi, akavuka njia.

Alianza kwa adabu. Shikamoo kwa mama, shikamoo kwa mzee, pole kwa majukumu. Akajitambulisha kuwa ni afisa wa usalimishaji, akauliza kama neno lenyewe wanalielewa.

Tadei, ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni na kukinoa kwenye malori, alikiri kwamba neno lilimchanganya. Kusalimia analijua. Kusalimu amri amelisikia. Lakini hili la kusalimisha hakujua linaingilia mlango gani.

"Mzee wangu, ni Kiswahili chepesi," alisema Aidan. "Kulisha ni kumfanya mtu ale. Kuvisha ni kumfanya avae. Sasa kusalimisha?"

"Kumfanya asalimie," alijibu Tadei polepole, kama mtu aliyefunguliwa macho.

"Hapo hapo. Gobore linakwenda ofisini, linatoa shikamoo kwa serikali, serikali inaitikia marahaba, linapewa cheti, linarudi kwenu likiwa halali."

Tusimame kidogo tumvulie kofia. Wapo walimu waliofundisha sarufi miaka thelathini bila kumwelewesha Tadei kitu, na huyu alimwelewesha uongo kwa pumzi moja.

Lakini, aliendelea Aidan, hakuna anayekwenda kusalimia mkubwa mikono mitupu. Gobore lingehitaji kusindikizwa na jogoo mmoja na ndoo ya usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani. Jogoo akatoka kwa Marselina, usipa wakatoka kwa Tadei.

Marselina muda wote huo alikuwa akimtazama Aidan kama mtu atazamavyo samaki mbasa ambaye macho yake yanasema alivuliwa juzi. Mwishowe alikubali, kwa sharti moja tu. Afisa apige picha na gobore, iwe kumbukumbu. Aidan alipenda picha kuliko alivyopenda usalama wake. Akashika gobore kifuani, jogoo kwapani, akatabasamu. Marselina akaituma picha kwenye kundi la jumuiya, lenye watu kuanzia ziwani mpaka ng'ambo ya Tingi, na sauti yake ikafuata: afisa anapita na gobore letu linakwenda kusalimia serikali, mwenye lake alitoe lisindikizane na mwenzake, na mwenye shikamoo yake asibaki nayo nyumbani.

Gobore likatiwa kwenye mfuko wa sandarusi, bodaboda ikaitwa. Dereva alikuwa Elias. Aidan akamnong'oneza apite njia ya panya mpaka Ukata, wasionekane ofisi ya kata. Elias akasema sawa kaka. Jambo ambalo Aidan hakulijua ni kwamba Elias amemwoa binti wa Tadei, na hakuna sawa kaka iliyo nzito kuliko hofu ya mtu kwa baba mkwe.

Kona ya kwanza tu, bibi mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia, kanga mbili, mikono mbele.

"Shikamoo," aliuambia mfuko wenye gobore.

Alikuwa amepiga hesabu na kuona kwamba kwa umri gobore lile ni kubwa kwake. Elias akageuza shingo.

"Jibu, afisa. Mzigo wako umesalimiwa."

Aidan akakohoa, akatafuta sauti ya chuma. "Marahaba, mjukuu wangu."

Bibi akaridhika, akapisha. Kona ya pili palikuwa na kikundi cha kwaya. Ya tatu, mzee mwenye gobore lake begani na jogoo mkononi, akiomba nalo likasalimie. Moyo wa Aidan ukaruka sarakasi. Badala ya gobore moja kwa yule mwindaji, sasa mawili. Nyumba za mbele likatoka la tatu, la nne, la tano, kila moja na jogoo wake. Yakafungwa nyuma ya pikipiki kama kuni za sikukuu. Aidan akawa anaitikia marahaba bila kuombwa, akihesabu majogoo kwa vidole, na kwa furaha hiyo akasahau kabisa kutazama njia.

Pikipiki ilipozima, mbele yake palikuwa na bendera ya taifa.

Afande Glorious, mkaguzi wa polisi wa kata, mama mnene mpole aliyehamishwa kutoka Bukoba, alitoka ofisini na simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na ile picha ya kundi la jumuiya, Aidan, gobore kifuani, anatabasamu. Afande alitazama picha, akamtazama mwenye picha, akaona havitofautiani ila kwa tabasamu.

"Saa kumi nafunga daftari," alisema. "Ukurasa huu ni wa waliosalimisha kwa hiari. Ule ni wa waliokutwa nazo. Nikuandike wapi?"

Aidan aligeuka. Elias alikuwa ameshachomoa ufunguo na kwenda kunywa maji. Watu nusu ya kata walikuwa wamezunguka, wengine wakimalizia shikamoo zao.

"Wa hiari, afande."

Vigelegele. Magobore matano yakaandikwa, yakafungiwa, na Aidan hakuulizwa kitu, kama tangazo lilivyoahidi. Majogoo na usipa wakapelekwa nyuma, nyumbani kwa afande, jikoni. Wakati huo Marselina na Tadei waliwasili kwa pikipiki nyingine, na Marselina akamwomba afande awaitie afisa wanyamapori kwa ajili ya nguruwe. Akaahidiwa barua siku hiyo hiyo.

Aidan akamsogelea Marselina. "Mama, kumbe lile neno ulilijua."

"Mwanangu, tangazo kanisani nililisoma mimi."

Tadei yeye alikuwa bado anasubiri cheti. Alipoelezwa kwamba gobore halirudi, alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Wamechukua gobore langu."

"Lako tangu lini?" aliuliza Marselina. "Limelala kwenye dari langu miaka ishirini."

Wakaanza upya. Aidan akaona ndiyo nafasi, akanyata kuelekea barabarani, kalamu mbili mfukoni. Harufu ya mchuzi ikamfuata, na sauti ya Afande Glorious juu yake.

"Afisa wa salamu, unakwenda wapi na njaa? Maji ya kunawa haya hapa. Karibu ndani ule, firigisi tumekuwekea wewe."