Nusu ya Pili ya Kitabu

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye duka la dawa anatafuta mtu wa kumtengenezea programu ya kompyuta ya mezani, aone dawa zake zote kwenye dirisha moja. Atawapima waombaji tarehe kumi na saba. Mpwa wangu anaitaka kazi hiyo kuliko chakula. Mwaka mzima yuko nyumbani tangu amalize shule. Anahitaji kitabu cha anayeanza, cha bei nafuu, kinachofundisha kiunzi, yaani mifupa ya programu iliyokwisha kuundwa, wewe unatia nyama. Nikajitolea kukichagua. Dada akaniuliza najua nini. Nikamkumbusha kwamba kompyuta ya kwanza mtaani ilipozimika, niliiwasha kwa kijiko. Akacheka. Wivu!

Jumanne, 4 Machi
Muuza vitabu kanionyesha viwili. Chembamba ni rahisi, ila cha toleo la zamani: kinaposema bonyeza hapa, siku hizi hapo hapana kitu. Kinene ni kizuri, lakini bei yake inapandisha presha. Akanishauri nije na msichana mwenyewe, asome ukurasa wa kwanza. Akiufuata peke yake, kinamfaa. Nisindikizwe! Kwa umri huu!

Mlangoni nikakutana na Kinyozi, mshindani wangu tangu meno ya utoto. Binti yake anaomba kazi ileile. Akili ikanichemka. Tununue kinene kimoja, fundi viatu akipasue katikati. Wiki moja kila mtu na nusu yake, kisha tubadilishane. Kinyozi akakubali bila ubishi. Ningepaswa kushtuka.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi viatu kakipasua kama mkate. Kinyozi akataka turushe sarafu. Nikamwambia achukue mwanzo. Ukoo wetu hautambai, unasimama na kutembea. Wateja wakaguna kwa heshima. Kinyozi akaikumbatia nusu yake kama kitoto kichanga.

Ijumaa, 7 Machi
Mpwa kafungua. Mstari wa kwanza: sasa lile dirisha tulilolijenga katika sura zilizotangulia tuliongezee kitufe. Dirisha gani? Akageuza ukurasa, akageuza tena.

"Mjomba, mwanzo uko wapi?"

Nikasema mwanzo ni wa watoto.

"Basi mimi ndiye huyo mtoto," akasema kwa sauti ya chini, akaenda kuanua nguo.

Angenitukana ningepumua. Nimekaa na kalamu nikiwaza. Darasa la tano niliugua surua wiki tatu. Niliporudi, hesabu za sehemu zilishafundishwa, ubao umejaa. Mwalimu akauliza nani hajaelewa. Mkono wangu ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Tangu siku hiyo kila kitu nakikuta katikati, na nikiulizwa najibu kwa hadithi. Sijapata kumwambia mtu. Wala sitamwambia.

Jumapili, 9 Machi
Mpango: niende kunyolewa, Kinyozi akigeuka nichomoe nusu yake. Kikwazo: nina kipara. Nikakaa kitini hivyo hivyo. Kinyozi akauliza anyoe nini, ndevu au mawazo. Nikageuza shingo, nikamwona mpwa wangu kwenye benchi, bega kwa bega na binti yake, kitabu kimefungwa kwa mpira, kizima. Kumbe alikuja jana, mwenyewe. Kinyozi kasema aliomba kwa maneno manne tu: sijui, naomba tusome pamoja.

Miaka hamsini, na mimi sijawahi kuyapanga hayo manne kwa mfuatano.

Jumatatu, 17 Machi
Kapata! Mwenye duka aliwaambia wafungue dirisha tupu, waanzie hapo, mbele ya macho yake. Binti wa Kinyozi kaambiwa asubiri tawi la pili. Kinyozi kanuna, mpwa kanikataza kucheka.

Wateja wote wa fundi viatu nimewaeleza kwamba nusu ya pili ilikuwa mbinu yangu: mtupe mtu katikati, atatafuta mwenyewe pa kuanzia. Mpwa alinisikia, hakunikana. Jioni akaniwekea kitabu mezani. Akasema, taratibu, tuanze ukurasa wa kwanza, mimi na yeye, hakuna atakayejua. Mtoto ana moyo, huyu. Nilishika jalada muda mrefu.

Nikamwambia: baadaye. Fundi viatu nimemwahidi kumtengenezea programu yake, aipate Ijumaa. Kurasa za mwanzo nitazipitia nikishaimaliza.