Malalamiko Dhidi ya Kidirisha Cheusi Kisichojua Tafadhali

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Kompyuta,

Kwanza nakujulia hali, maana mimi si mashine. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza, yule mwenye mvi anayekaa kwenye kompyuta ya karibu na mlango. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu mkuu, na katika shule yangu hata kengele ilipigwa kwa adabu. Naandika kwa masikitiko kuhusu kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, ambacho Ijumaa hii nitatahiniwa nacho. Nikianguka, nitarudia somo lote mbele ya mwalimu yule yule, ambaye ni mkaza mwanangu. Naomba uyasome tena hayo maneno mawili ya mwisho.

Sina ugomvi na kompyuta kwa jumla. Ule upande wenye picha tunaelewana: nasogeza kipanya, nabofya folda mara mbili, inafunguka kama mlango wa jirani mwema. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kidirisha hakina adabu. Siku ya kwanza niliandika, "Tafadhali nionyeshe faili zangu." Kikanijibu kwamba hakijui amri inayoitwa Tafadhali. Nikadhani hakikusikia, nikaandika tena kwa herufi kubwa. Jibu likawa lile lile. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Basi nyoka ana nafuu. Vijana ninaosoma nao huandika herufi mbili tu, bila salamu, na kinawamwagia kila kitu. Hapo chuo kinafundisha nini?

2. Ukifanya vizuri, kinanyamaza. Nilikiagiza kiunde folda, kikaniletea mstari mtupu. Nikaagiza tena, ndipo kikafungua mdomo kunilaumu kwamba folda hiyo ipo tayari. Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo na wote niliwaombea uhamisho. Neno la siri ndilo balaa zaidi, kwani unaliandika na skrini haionyeshi hata nukta. Nilibonyeza mpaka nikamwita fundi aje aikague kibodi. Fundi alicheka mpaka akatafuta kiti.

3. Hakiulizi. Upande wa picha, ukitupa faili inakaa kwenye pipa, na mtu akijuta anainama anaiokota. Mimi nilitaka kufuta nakala ya zamani ya kazi yangu ya muhula. Mwishoni mwa jina la faili nikaweka kinyota, kama nilivyozoea kuwawekea wanafunzi waliofanya vizuri. Kumbe kwa kidirisha hiki kinyota maana yake ni chochote kinachofuata, kwa hiyo kikafuta ya zamani, ya sasa, na rasimu zake zote. Hakikusema hata pole. Niliumia, na bado naumia.

4. Ukiwa ndani ya folda na unataka kurudi kwenye ile iliyoizaa, yaani mzazi wake, unaandika nukta mbili. Mzazi, mheshimiwa, nukta mbili.

5. Kina kinyongo. Ukibonyeza mshale wa juu kinaleta kila ulichowahi kukiambia. Mwalimu alikuja kunisaidia, akaubonyeza, na majirani zangu wakasoma: "Tafadhali." "Nimesema tafadhali." "Wewe umelelewa na nani?"

6. Mwalimu mwenyewe. Mkaza mwanangu ananiheshimu, na hapo ndipo penye tatizo. Hawezi kuniambia mbele za watu kwamba nimekosea. Kwa hiyo huitangazia maabara nzima, "Jamani, kuna mtu amesahau kuacha nafasi," na maabara nzima inageuka kunitazama mimi. Jioni tunakaa meza moja, ananipakulia chakula, na hakuna anayethubutu kutaja nafasi. Mwanangu wa kumzaa anakula akitazama sahani, mabega yakimtikisika.

Kutokana na hayo, naomba kidirisha cheusi kiondolewe chuoni, au kifundishwe adabu kwanza ndipo kiruhusiwe kukaa na watu. Iundwe kamati ya malezi ya mashine, ambayo niko tayari kuiongoza. Mkaza mwanangu ahamishiwe maabara nyingine, ya mbali, kwa wema tu. Nami nisamehewe mtihani wa Ijumaa, nipewe alama za uzee.

Nisalimie katibu wako, yule fundi aliyecheka, na wote nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi niliyeonewa,
Mwalimu mkuu mstaafu,
Kompyuta ya karibu na mlango.

Nyongeza: Nilipotaka kuichapisha barua hii, kipanya kiliganda, na ule upande wa picha niliousifu ukaganda nao. Ikabidi nikifungue kidirisha cheusi kwa vibonye tulivyofundishwa. Juu kabisa kilikuwa kimeandika: Shikamoo Baba.

Niligeuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu. Kisha nikaandika tafadhali, kama ilivyo kawaida yangu, nikafuatisha amri ya kuchapisha, na printa ikaanza kukohoa. Jirani yangu akajaribu tafadhali hiyo hiyo kwenye kompyuta yake, ikakataliwa. Hapo nikaelewa ni nani amekaa kwenye kiti changu nikiwa sipo. Hajaniambia kitu, nami sijamwuliza, lakini machozi yalinilengalenga.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Naomba lile ombi la kumhamisha lichanwe. Ijumaa nitakuja kufanya mtihani, mradi niwe kwenye kompyuta hii hii. Nilitaka hata kuifuta barua yenyewe, ila kidirisha kikaniuliza, "Una hakika, Baba?" Nikaona sina, ndiyo maana umeipata.

Limebaki jambo moja dogo. Ile salamu niliiitikia, nikaandika Marahaba. Kikanijibu kwamba hakijui amri hiyo. Hilo usihangaike nalo, nitazungumza na mwalimu mwenyewe leo jioni, mezani.