Kibao cha Salamu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Wiki ya sita huku Kusini. Leo nimepima. Kutoka getini kwetu hadi dukani ni hatua mia nne na kumi. Kule jijini Kaskazini ningezimaliza kwa dakika tano na kubaki na pumzi ya kugombana na kondakta. Huku? Saa moja na dakika arobaini! Nyumba kumi na nne, salamu kumi na nne. Hujambo, wa kwako hawajambo, mmeamkaje, mvua mmeionaje, kazi zinakwendaje, na yule kuku wenu anayechechemea? Sina kuku anayechechemea. Ni wa jirani. Nikalazimika kulieleza na hilo, nyumba baada ya nyumba.

Nilikuwa naenda kununua kiberiti. Nilipofika, mwenye duka alikuwa amefunga, anakula.

Mimi! Miaka kumi na moja msimamizi wa ghala la sabuni, nikipakia malori sita kabla ya chai! Ghala lilipunguza watu, mke wangu muuguzi akahamishiwa zahanati ya huku, basi nikafuata. Yeye kapapenda. Mimi nahesabu siku.

Lakini kumbe safari ilikuwa na heri. Pale mbele ya duka mtandao ukashika, ujumbe ukaingia. Bosi wangu wa zamani! Nafasi yangu huenda ikarudi. Atapiga simu wiki hii na anataka jibu kabla ya Ijumaa jioni. Nyumbani kwetu mtandao haushiki hata ukipanda juu ya meza (nimepanda), kwa hiyo nikampa namba ya mwenye duka. Huyu kakubali kupitia dirishani, mdomo umejaa, kwamba simu ikija atanitumia mtu. Kiberiti kasema hadi saa tisa.

Usiku tumewekeana ahadi na mke wangu. Nafasi ikija, tunarudi Kaskazini. Isipokuja, Jumamosi anasaini miaka mitatu zaidi hapa. Mitatu!

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeamka na wazo. Wazo la mtu wa ghala!

Nimeng'oa mlango wa kabati bovu, nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa nyeusi:

SHIKAMOONI (WAZEE). MARAHABA (WATOTO). SISI HATUJAMBO. TUMEAMKA SALAMA. KAZI NZURI. MVUA TUMEIONA. KUKU ANAYECHECHEMEA SI WETU. NANYI TUNAAMINI HAMJAMBO. MSISIMAME. PITENI.

Nikakitundika kibao hicho getini, nikajificha nyuma ya pazia, saa mkononi. Wa kwanza kufika ni bibi wa nyumba ya tatu, ambaye kwa kawaida hunila dakika kumi na mbili. Akasimama. Akainua macho. Bibi hasomi, akamwita fundi cherehani.

Fundi huyu ni mwiba wangu. Cherehani yake iko barazani, mkabala na geti letu, na kila apitaye lazima atue hapo. Suruali yangu iko kwake wiki ya tatu kwa sababu anashona huku akiulizia watu hali. Kakisoma kibao kwa sauti ya mhubiri, mara mbili. Kisha kaja dirishani kuniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama kibao kinapokea na majibu. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akatazama kipara changu, akaenda zake.

Jioni mke wangu karudi uso umekunjamana. Wagonjwa saba wamempa pole: wamesikia mumewe kapoteza sauti. Mmoja kamletea asali na tangawizi. Kasema nikitoe kibao leo hii. Kasema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Nikamjibu kwamba asali ni nzuri sana.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mke wangu kaondoka alfajiri na sanduku la chanjo, anazungukia vitongoji vya mbali hadi Ijumaa. Kanikumbusha kibao. Sikusikia vizuri.

Kimya! Raha iliyoje! Watu wanafika, wanasoma, wanapita. Nimekunywa chai ikiwa bado ya moto, mara ya kwanza tangu tuhamie. Saa nne bibi wa nyumba ya tatu kapita kwa haraka isiyo yake, kasimama getini, kainua mkono, kafungua mdomo. Halafu akakikumbuka kibao. Akaushusha mkono, akaondoka akitikisa kichwa. Kumbe hata wazee hufundishika.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Balaa. Saa moja asubuhi niko bafuni, povu kutoka utosini hadi vidoleni. Sabuni ya ghala letu, inatoa povu vizuri mno. Bomba likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Nikatoka na taulo, macho yanawaka. Nyumba zote zimepanga ndoo, madumu, masufuria, hata beseni la mtoto, vyote vimejaa pomoni. Isipokuwa kwetu! Fundi cherehani akasema pampu inatengenezwa hadi kesho, na kila mtu anajua tangu juzi. Nikamuuliza tangazo lilibandikwa wapi. Kasema halikubandikwa popote, lilisemwa tu watu walipokuwa wakijuliana hali. Unaona? Hiyo ndiyo shida ya huku. Hakuna maandishi!

Kanipa ndoo moja, lazima niseme. Kisha akaanza: jirani, kabla hujaoga, kule dukani... Nikamwonyesha kibao kwa kidole chenye povu. Nilijua ni kuku. Akarudi kwenye cherehani yake.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Saa tatu. Hakuna mjumbe. Saa sita. Hakuna mjumbe. Watu wengi sana wanapita getini leo, sijui kuna nini. Wanatazamana, wanasukumana, wanaondoka.

Nilifikiria kwenda dukani mwenyewe. Lakini nje ya geti kibao hakinilindi. Nilijaribu kukivaa shingoni kwa kamba. Mlango wa kabati ni mzito, nimeumia bega.

Saa kumi na mbili jioni. Basi. Hakupiga. Miaka kumi na moja, na hata simu ya kuniambia hapana! Nimekaa kizingitini, naona malori yangu sita yakiondoka bila mimi. Mke wangu karudi na vumbi la siku tatu, kakaa kando yangu, kanishika mkono. Kasema pole, mume wangu. Nikasema si kitu. Ilikuwa ni kitu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mke wangu kasaini asubuhi. Alijitahidi asitabasamu mbele yangu.

Nikaenda dukani kudai maelezo, kwa njia ya nyuma, mashambani, nimeinama kama mwizi wa mihogo. Nikamwambia mwenye duka kwamba simu haikuja. Kashangaa. Simu? Imekuja Jumatano, saa tatu na nusu. Ikaja Alhamisi. Jana imekuja mara tatu!

Nikamuuliza mbona hakunitumia mtu. Kasema kamtuma bibi wa nyumba ya tatu. Kamtuma fundi cherehani. Jana kawatuma watu tisa. Wote wamefika getini, wamesoma, wamerudi. Nikapaza sauti: si wangesema tu! Naye kanitazama kwa huruma. Kasema mtu mzima humvamii na habari kabla ya kumjulia hali, huko ni kuingia nyumbani kwa mtu kupitia dirishani, na mimi mwenyewe nimeandika wapite.

Na bosi? Nafasi kampa mpwa wake, jana saa kumi na mbili na robo. Mwenye duka kasema ni mtu mwema sana yule, wameongea nusu saa kila siku, mkewe hajambo, ila yeye mwenyewe magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Magoti! Miaka kumi na moja chini yake, sikujua kuwa ana magoti.

Nimelia njiani, katikati ya mihogo. Si sana.

Mke wangu kanisikiliza hadi mwisho. Kasema watu hawa hawakunikataa, mimi ndiye niliyewafungia mlango, tena wa kabati. Kasema bado tuna miaka mitatu, nianze kesho, na bibi wa nyumba ya tatu, shikamoo moja tu. Nimemwahidi nitalifikiria. Nimelifikiria hadi saa tatu usiku.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimeligundua kosa. Herufi zilikuwa ndogo, na kibao kimoja hakitoshi. Nitatengeneza cha pili, chenye orodha ya mambo yanayoruhusiwa kusemwa moja kwa moja: SIMU. MAJI. MOTO. Mambo mengine hapana.

Ila la kwanza ni bosi. Huenda huyo mpwa ni mvivu, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nimemwandikia barua, mistari miwili, bila salamu, moja kwa moja kwenye kazi. Ataipenda. Naipeleka mwenyewe kwenye sanduku la posta ya mjini, kwa gari la saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwacha mke wangu amelala, nimejivika kibao kwa kamba mpya, nimekuja kituoni gizagiza.

Sasa ni saa nne, naandika haya kwenye benchi. Gari limechelewa kidogo. Watu wenye majembe wanapita mmoja mmoja. Kila mmoja ananitazama mimi, anaitazama barabara, anafungua mdomo, anakisoma kibao, anaufunga, anakwenda zake. Bibi wa nyumba ya tatu kanipungia mkono wote kama anayefukuza kunguru, nami nikagonga kibao kwa kidole. Wamezoea sasa, hakuna hata mmoja aliyenisumbua.

Abiria ni mimi peke yangu. Vizuri! Nitakaa dirishani.